Namna ya kupeleka elimu ya uzazi wa mpango katika mitaa na vijiji vya Bagamoyo

Mwanamke wa Dunda au wa Kaole akiulizwa ataje njia za uzazi wa mpango, huzitaja bila kusita: sindano, kijiti, vidonge vya majira, kitanzi, kondomu. Hali ni hiyohiyo nchi nzima, kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu kila mwanamke wa Tanzania amekwisha kusikia habari za angalau njia moja ya kisasa, na hata hivyo, katika kila wanawake 100 walio katika ndoa, ni 31 tu waliokuwa wakizitumia. Mhamasishaji anayewakusanya watu chini ya mwembe na kuwatajia majina ya njia kwa saa nzima huwapa kitu ambacho tayari wanacho. Wanachokikosa ni majibu ya maswali ambayo mtu hayaulizi mbele za wenzake, na mtu wa kumwendea pale mwili unapoanza kufanya mambo ambayo hakuyatazamia.

Mwongozo huu umekusudiwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vikundi vya akina mama, walimu na vijana wa kujitolea wanaotaka kuifanya kazi hii vizuri. Nimeifanya katika kata za mwambao na za bara za wilaya ya Bagamoyo, na jambo ninaloliamini kuliko mengine yote ni kwamba ziara ya pili ina thamani kubwa kuliko ya kwanza. Panga kazi yako ukianzia siku utakayorudi, ndipo upange siku utakayokwenda.

Anzia zahanati

Kabla hujatamka neno lolote hadharani, nenda katika zahanati au kituo cha afya kitakachowapokea watu utakaowahamasisha, ukae na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto, umwulize kwa utulivu. Ni njia zipi zilizomo kabatini leo, mbali na zile zilizochorwa kwenye bango la ukutani? Kuna mtumishi aliyefunzwa kuweka vipandikizi, yaani vijiti, na kitanzi, na yupo siku zote au huja kwa ratiba? Mwanamke atazungumza na muuguzi faraghani, au atajieleza mbele ya foleni ya chanjo? Na je, mwanamke anayetaka kijiti kitolewe anaweza kutolewa hapohapo?

Swali hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwanamke aliyewekewa kijiti kisha akakitaka kitoke, akazungushwa mwezi baada ya mwezi kwa sababu mtaalamu hayupo au kwa sababu anaambiwa avumilie, atawasimulia jirani zake wote, na masimulizi yake yatakuwa ya haki. Ikiwa kituo hakiwezi kutoa kijiti, jua mapema ni kituo gani cha jirani kinachoweza, siku gani, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani, kisha uwaeleze watu hayo tangu mwanzo.

Mwaka mmoja tulitangaza siku ya huduma katika kijiji kimoja, tukapita nyumba kwa nyumba wiki nzima, na siku yenyewe akina mama walifika tangu alfajiri, baadhi yao wakiwa wametembea mwendo mrefu na watoto mgongoni. Ilipofika saa tano vipandikizi vilikwisha, na waliobaki wakaambiwa warudi siku ambayo haikutajwa. Nilipopita tena baada ya miezi miwili, mama mmoja aliniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi: “Mwanangu, siku ile nilimwomba mume wangu nauli. Sasa nitamwomba tena kwa maneno gani?” Kosa lilikuwa letu sisi tuliotangaza, kwa maana hatukuwa tumemwuliza muuguzi ana vipandikizi vingapi. Tangu siku hiyo sitangazi huduma bila kuhesabu vifaa kwa macho yangu.

Huduma za uzazi wa mpango hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali, na jambo hili lisemwe waziwazi kila mahali. Hata hivyo, usiseme kwamba haimgharimu mtu kitu, kwa sababu anayetoka katika mashamba ya ndani huko Kiwangwa au Fukayosi hulipa bodaboda na hupoteza kibarua cha siku nzima. Anayesikia neno “bure” huku akihesabu nauli mkononi huona kwamba msemaji hamjui.

Kuhusu vibali, mambo ni mepesi ukiyafuata kwa utaratibu: barua kwa mganga mkuu wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kata, kisha wewe mwenyewe kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji kupiga hodi, kumwamkia na kumweleza unachokuja kufanya. Mwenyekiti asiyeelezwa hataikataza kazi yako, lakini hatakuwa na jibu siku watu watakapomwuliza nyinyi ni nani.

Fuata mwezi na maji

Ratiba za miradi mingi huandikwa kwa kalenda ya ofisini, ilhali mwambao wetu hufuata mwezi. Wanawake wanaolima mwani Mlingotini huingia baharini siku za bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali, na siku hizo hakuna hata mmoja utakayempata barazani asubuhi. Ukiitisha mkutano siku za maji mafu, ambapo bahari haikupwi sana, watakuwapo na watakuwa na nafasi ya kukaa. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza wakiwa na taa, na mbalamwezi inapowaka hupumzika, wakashona nyavu na kuzungumza. Ndiyo maana mkutano wa mke na mume pamoja ni mgumu kuupanga pwani, na ni busara kuwafuata kila mmoja kwa wakati wake badala ya kulalamika kwamba wanaume hawaji.

Bara mambo ni mengine. Kwenye mananasi ya Kiwangwa msimu wa mavuno hauachi mtu nyumbani, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia nyingine hazipitiki. Mwezi wa Ramadhani, acha mikutano ya mchana. Baada ya tarawehe watu hukaa nje kwa muda mrefu, na hapo ndipo swali la vidonge huulizwa. Jibu lake ni rahisi, kwamba kidonge humezwa mara moja kwa siku kwa saa ileile, kwa hiyo anayefunga na achague saa ya usiku, tuseme saa tatu, ambayo ataweza kuidumisha hata baada ya mfungo. Vile vidonge vya homoni moja ambavyo hupewa mama anayenyonyesha ndivyo vyenye masharti makali ya saa, kwani kuchelewa kwa muda unaozidi saa tatu kunaweza kupunguza kinga yake.

Sikiliza kwanza, hasa neno “kubemenda”

Pwani hii haikungoja kliniki ifunguliwe ndipo ijue kwamba watoto wanapaswa kupishana. Wazee wetu walisema mtoto amebemendwa pale alipodhoofu kwa kuwa wazazi wake walirudiana mapema au mama alishika mimba nyingine naye angali ziwani, na kwa hofu hiyo mke alipelekwa kwao kwa mamaye, au mume alilala chumba kingine, hadi mtoto atembee. Mhamasishaji kijana akilisikia neno hili huwa na haraka ya kulisahihisha. Ninamsihi asifanye hivyo.

Ni kweli kwamba tendo la ndoa haliharibu maziwa ya mama, na mwenye kuuliza aelezwe hivyo bila kuficha, hasa kwa kuwa imani hiyo imewasukuma wanaume wengine kutafuta wanawake wa nje wakati wake zao wananyonyesha, na maradhi yakaingia nyumbani kwa mlango huo. Lakini shina la hekima ile ni sahihi kabisa. Mimba inayokuja haraka humwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati wake, na humkuta mama ambaye damu na nguvu zake hazijarejea. Shirika la Afya Duniani hushauri mama aliyejifungua angoje angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, na aliyeharibikiwa na mimba angoje angalau miezi 6. Kwa hiyo mwombe bibi mmoja mwenye heshima katika mtaa, umwamkie, umketishe mbele, na umwombe awaeleze waliokuja jinsi walivyopisha watoto zamani. Akimaliza, ongeza hili moja: zamani waliwapisha watoto kwa mume kuhama chumba, leo kuna njia ambazo hazimhamishi. Sijawahi kuona ufunguzi wa mazungumzo ulio bora kuliko huo, kwa sababu uzazi wa mpango huacha kuonekana kama amri iliyoletwa na gari la ofisi.

Chagua pia maneno yako kwa makini. “Kuzuia kuzaa” ni neno linalofunga masikio ya watu, na kwa kweli halielezi kusudi la wengi, kwani wengi wa wanaokuja wanataka mtoto mwingine, ila si mwaka huu. Hata UMATI, chama kilichoanza kazi hii nchini mwaka 1959, kilijiita Chama cha Uzazi na Malezi Bora. Sema kupisha watoto, kupumzika, kulea. Neno “kufunga” liweke kando kwa ajili ya njia za kudumu peke yake, kwa maana nimekutana na wanawake walioamini kwamba sindano ya miezi mitatu “imewafunga”.

Kueleza njia bila kuzipamba

Chukua vifaa halisi. Picha za kitabu husaidia, lakini kitanzi kilichowekwa kiganjani mwa mwanamke, akakipinda na kukiona kilivyo kidogo na laini, huondoa hofu ambayo maneno hayawezi kuiondoa. Kipandikizi vilevile, ambacho ni kijiti chembamba mfano wa njiti ya kiberiti, aguse mwenyewe.

Kisha eleza kila njia kwa muda inaofanya kazi na kwa uhakika wake. Kipandikizi huwekwa chini ya ngozi ya mkono na hukinga kwa miaka 3 au 5 kulingana na aina yake. Kitanzi cha shaba hukaa kizazini kwa miaka 10 au zaidi bila homoni yoyote. Sindano huchomwa kila baada ya miezi 3. Kwa namna watu wanavyozitumia kwa kawaida, katika wanawake 100 wanaotumia kipandikizi au kitanzi kwa mwaka mmoja, hapati mimba hata mmoja au hupata mmoja tu; kwa sindano hupata wapatao 4, kwa vidonge wapatao 7, na kwa kondomu za kiume wapatao 13, kwa sababu kidonge husahaulika na kondomu huachwa siku nyingine. Wasiotumia chochote, hupata 85. Hesabu hizi hueleweka vizuri zikipangwa kwa mbegu za ubuyu au kokoto 100 juu ya mkeka, na kila mtu akaona ni ngapi zinazoondolewa. Ongeza kwamba kondomu ndiyo pekee kati ya hizo inayokinga pia Virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa, kwa hiyo inaweza kutumiwa pamoja na njia nyingine yoyote.

Usiiache njia ya kunyonyesha kwa kudhani kwamba ni ya kizamani. Inakinga vizuri sana iwapo mambo matatu yapo kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya mchana na usiku bila kupewa uji wala maji, na mama hajaona siku zake tangu ajifungue. Moja likikosekana, kinga haipo tena, na mama atafute njia nyingine siku hiyohiyo badala ya kungoja. Wanawake wengi wa mwambao hushika mimba hapo hasa, kwa kuwa wanaamini kunyonyesha kunatosha hata baada ya mtoto kuanza uji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wahamasishaji wengi hulikwepa, yaani maudhi ya njia zenyewe. Sababu kubwa inayowafanya wanawake waache njia ni mabadiliko ya damu: inatoka matone kila siku, au inakatika kabisa, au inakuja nyingi. Anayefichwa jambo hili hudhani anakufa linapomjia. Anayeelezwa mapema hulitambua. Wengine huumwa kichwa, wengine huongezeka uzito kwa sindano, na kitanzi cha shaba huweza kuzidisha damu na maumivu ya hedhi katika miezi ya mwanzo. Yaseme yote, kisha useme ni yapi ya kuvumilia kwa muda na ni yapi ya kumpeleka mtu kituoni upesi: maumivu makali ya kifua au ya tumbo la chini, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kinachouma kwa ukali pamoja na macho kutoona vizuri, usaha mahali palipowekwa kijiti.

Zipo pia hali ambazo mhamasishaji hawezi kuziamua mwenyewe, naye asijaribu. Mwenye shinikizo la juu la damu, mvutaji wa sigara aliyevuka miaka 35, mama aliyejifungua juzijuzi, anayetumia dawa za kifua kikuu au za kifafa, na anayetumia baadhi ya dawa za kufubaza VVU, wote hao huhitaji kuulizwa kwa kina na mtaalamu, kwa sababu njia fulani zaweza kuwadhuru au dawa zao zaweza kupunguza nguvu ya njia. Kazi yako ni kumwambia kila mtu: “Ukifika kliniki, taja kila dawa unayotumia, hata ile unayoificha nyumbani.” Mhudumu wa jamii aliyefunzwa anaweza kugawa vidonge na kondomu, lakini kuweka kijiti na kitanzi ni kazi ya mtaalamu.

Uvumi unaousikia na namna ya kuujibu

Uvumi mwingi huanzia kwenye jambo la kweli lililokosa maelezo, na ndiyo sababu kuukemea hakuuondoi. Mfano ni lile swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko yote. Mama anayetumia sindano husema, “Dada, mwezi wa nne huu sioni siku zangu. Hiyo damu inakusanyika wapi?” Swali hilo ni la mtu anayefikiri sawasawa: ikiwa kilichokuwa kikitoka hakitoki, basi kimebaki. Mjibu kwamba kila mwezi kizazi hujitandikia utando wa kumpokea mtoto, na mimba isipoingia utando huo hubomoka ukatoka kama damu. Dawa ya sindano huufanya utando huo uwe mwembamba sana, kwa hiyo hakuna kilichotandikwa na hakuna cha kutoka. Damu haikujikusanya popote. Nimeona nyuso za akina mama zikilegea baada ya maelezo hayo mafupi, na wengi wao walikuwa wameishi na hofu ile kwa miaka.

Husemwa kwamba sindano hukausha kizazi. Hapa pia pana chembe ya ukweli: baada ya kuacha sindano, uzazi huchelewa kurudi, na wanawake wengi huchukua miezi kadhaa zaidi kushika mimba kuliko walioacha njia nyingine, lakini hurudi. Kwa hiyo bibi harusi anayetaka kuahirisha mimba kwa muda mfupi tu aelezwe jambo hili ili achague njia ambayo uzazi hurudi mara inapoachwa. Husemwa kwamba kijiti hutembea hadi moyoni; mwambie akipapase mkononi mwake kila anapooga, atakikuta palepale, na siku asipokipapasa aende kituoni. Husemwa kwamba vidonge hujazana tumboni vikawa uvimbe, ilhali kidonge huyeyuka kama kidonge kingine chochote.

Kuna pia hofu kwamba sindano humfanya mwanamke apate VVU kwa urahisi. Hofu hiyo ilishughulikiwa na wanasayansi wenyewe, ambao waliwafuatilia wanawake wapatao 7,800 katika nchi za Afrika Kusini, Eswatini, Kenya na Zambia, wakilinganisha sindano, kitanzi cha shaba na kipandikizi, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba hawakuona tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo. Lakini maambukizi yalikuwa mengi katika makundi yote matatu, na hilo ndilo la kuwaambia watu: hakuna hata moja ya njia hizo iliyo badala ya kondomu.

Wanaume, mashehe, mapadri na makungwi

Wanaume wa Bagamoyo huzungumzika vizuri kabisa wakifuatwa walipo, yaani soko la samaki baada ya mnada, vijiwe vya bodaboda, baraza za kahawa jioni. Usianze na njia za wanawake. Anza na afya ya mke aliyejifungua na gharama za kulea, kisha acha wazungumze. Mwanamume akilalamika kwamba kitanzi kinamchoma, usimwone mzushi. Nyuzi zake zikikatwa fupi mno huweza kusikika, na muuguzi anaweza kuzirekebisha. Waelezwe pia kuhusu vasektomi, kwamba haiondoi nguvu za kiume wala haibadilishi tendo, kwamba ni ya kudumu, na kwamba baada yake mtu huendelea kujikinga kwa miezi 3 mpaka mbegu zilizobaki ziishe. Watakaoikubali ni wachache, lakini watakaosikia kwamba mzigo huu una sehemu yao ni wengi. Wakati huohuo, simama imara juu ya jambo moja: ushauri wa mume unapendeza na tunautafuta, lakini mwanamke aliyekuja peke yake kliniki hapaswi kurudishwa eti akamlete mumewe.

Kwa mashehe nenda na adabu na ujifunze kabla hujazungumza. Wao wanajua kuliko wewe kwamba Kurani imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili, na kwamba hadithi zimepokewa juu ya masahaba waliofanya azili, yaani kumwaga nje, wakati wa Mtume. Wapo wanaoruhusu njia za muda kwa ridhaa ya wanandoa na kukataza za kudumu pasipo dharura ya kiafya. Mwombe shehe wa mtaa aseme msimamo wake mwenyewe kwa kinywa chake, na kama msimamo huo una mipaka, iheshimu mbele ya waumini wake. Kanisa Katoliki, ambalo misheni yake imekuwapo Bagamoyo tangu mwaka 1868, hukubali njia za asili peke yake. Basi wafundishe wanandoa wake njia hizo kwa ukamilifu. Shanga za mzunguko, kwa mfano, humfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 26 hadi 32, na humtaka ajizuie kuanzia siku ya 8 hadi ya 19. Kati ya wanawake 100 wanaozitumia, wapatao 12 hushika mimba kwa mwaka, nao waambiwe hesabu hiyo kama walivyoambiwa wengine.

Makungwi na masomo wana nafasi ambayo hakuna muuguzi aliye nayo, kwa kuwa wao ndio wanaomfunda mwali na ndio wanaoendewa ndoa inapotikisika. Wafuate nyumbani kwao, mbali na siku ya ngoma, na usitake kuligeuza unyago kuwa semina. Keti nao mara kadhaa, wape vifaa wavishike, jibu maswali yao, kisha waache waamue wenyewe watayasema wapi na kwa lugha gani. Bagamoyo ina chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, kwa hiyo hatukosi watu wa kuigiza na kupiga ngoma, na igizo zuri huwavuta watu. Lakini liandikwe baada ya mazungumzo haya, ili wahusika wake waseme wanayoyasema watu wa hapa, na baada ya igizo pawe na muuguzi amekaa pembeni mahali penye faragha.

Vijana wasiooa wala kuolewa wana haki ya kupata elimu na huduma hizi kama watu wengine wote walio katika umri wa kuzaa. Usiwachanganye na shangazi zao katika mkutano mmoja, kwani hawatauliza neno. Wajue mahali pa kupata kondomu bila kuhojiwa, na wajue kwamba vidonge vya dharura vipo, kwamba hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, na kwamba mwisho wake ni siku 5 baada ya tendo.

Kurudi

Weka daftari lenye hesabu tatu: waliouliza, waliofika kituoni, na ambao umewarudia. Usihesabu walioshangilia mkutanoni, na usikubali kupangiwa idadi ya watu wa kuwekewa njia fulani, kwa sababu anayefukuzia idadi huanza kumchagulia mtu badala ya kumsikiliza. Majina ya wateja yasiandikwe kwenye makundi ya WhatsApp wala kusomwa kwa sauti. Taarifa hizo ni zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda.

Ziara ya kwanza ya kurudi iwe baada ya wiki mbili au tatu, wakati maudhi ya mwanzo yanapoanza, na usiende kama mkaguzi. Piga hodi, ulizia hali ya mtoto, saidia kuanua nguo kama mvua inakuja, kisha mkiwa peke yenu uliza, “Mwili unaendeleaje, mama?” Ziara nyingine iwe karibu na miezi mitatu, siku chache kabla ya tarehe ya sindano, kwa kuwa anayepitiliza siku hizo huhesabiwa kama aliyeacha hata kama alikosa nauli tu.

Na ukimkuta ameamua kuacha, usimbembeleze. Mwulize kama anataka mtoto. Kama anamtaka, mweleze ahudhurie kliniki mapema mara atakapojiona mjamzito. Kama hamtaki bado, mwulize ni kipi kilichomsumbua, umweleze njia nyingine isiyo na sumbuko hilo, na ikiwa kinachomsumbua ni kijiti, mpangie siku, mwandikie jina la kituo na saa ambayo mtaalamu atakuwapo, kisha uende naye.